Aibu Niliyojiandalia, Mkaninyima

Kwa Ndugu Meneja,
Ukumbi wa Mazoezi, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba na masinki.

Yah: Malalamiko ya mwanachama mpya, pamoja na ombi la kufukuzwa

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ukiniambia u mzima nitakuamini, kwa sababu jengo lako limejaa watu wazima kupita kiasi. Mimi pia sijambo, na hapo ndipo penye lalamiko langu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo redioni, asubuhi kabla ya taarifa ya habari na jioni baada yake. Kazi hii nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na zikiwa nyingi. Sura yangu haijulikani hata mtaa wa pili, lakini sauti yangu inaingia kila jikoni. Wasikilizaji wamenipa jina la Bwana Tanzia, nami nimelipokea, maana mtu hachagui jina la utani kama vile asivyochagua shemeji. Nitamfikia shemeji sasa hivi.

Mwaka huu pumzi ilianza kunipungukia. Naanza tangazo vizuri, "Familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao," lakini nikifika kwa wajukuu pumzi inakata. Nanyamaza, nahema, naendelea kwa sauti inayotetemeka. Wasikilizaji wakadhani nalia. Sifa zikaenea. Wafiwa wakaanza kuja kituoni wakiomba tangazo lao lisomwe na "yule mzee anayelia," na mkuu wa vipindi akafurahi sana. Daktari hakufurahi. Alinipima, akanitazama juu ya miwani, akaniambia moyo wangu unafanya kazi ya punda na kulala kwa zamu, na kwamba nisipofanya mazoezi, tangazo langu mimi atalisoma mtu mwingine. Nilipofikiria ni nani atakayelisoma, yaani yule kijana wa michezo anayetamka "marehemu" kama anatangaza goli, niliogopa kuliko nilivyoogopa kifo chenyewe.

Nikaamua kuja kwenu. Lakini kuamua hakuna ngazi, na ukumbi wenu unazo. Hayo yaliyonipata baada ya ngazi ndiyo ninayoyaorodhesha hapa, kwa heshima.

1. Kuhusu woga wangu, ambao hamkuuheshimu

Ndugu Meneja, mimi nilijiandaa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa mazoezi maisha yake yote na kwa hiyo anaujua vizuri, alikuja kukaa sebuleni kwangu akanieleza yote. Alisema mle ndani kuna watu wenye shingo nene kuliko vichwa. Alisema mgeni akiingia muziki unazimwa. Alisema wanamzunguka, wanamtazama tumbo, wanampiga picha, na kesho yake yuko kwenye simu za watu mpaka za wakwe zake.

Usingizi ukanipaa. Jioni moja nilifika chini ya jengo lenu, nikazitazama ngazi, miguu ikakataa. Nikaona aibu kusimama barabarani bila shughuli, nikaingia dukani kwa mwuza mabomba nikanunua koki. Jioni iliyofuata nikanunua koki nyingine. Baada ya siku kadhaa mke wangu aliuliza kama tunajenga hoteli. Nilimwambia koki zimekuwa adimu, watu wanaziwahi.

Woga wa namna hiyo hauokotwi. Niliulisha, nikaulea, ukanenepa. Na mlinzi wenu aliuua mara moja. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya juu kabisa, natafuta sababu ya kurudi, na nilikuwa karibu kuipata, pale alipofungua mlango kwa mkono mmoja, akachukua mfuko wangu kwa mkono wa pili, akasema, "Karibu baba, wenzako wako ndani." Mimi sikuwa na wenzangu. Lakini mfuko ulikuwa umeshaingia, na ndani yake mlikuwa na funguo za nyumba. Ikabidi niufuate.

2. Kuhusu binti wa mapokezi

Binti huyu ana adabu, simlaumu. Alikuwa ameinama akiandika. Nikakohoa kidogo, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Habari za jioni. Nimekuja kuhusu kujiunga." Kalamu ikamdondoka. Akainua uso, akashika kifua, akauliza polepole, "Ni nani, baba? Ni bibi?"

Nikamwambia hapana, hakuna aliyekufa, ni mimi nataka kufanya mazoezi. Hakuniamini. Alimpigia simu mama yake, akampigia na shangazi yake, wote wawili wakapokea wakiwa wazima, ndipo akanikaribisha kiti. Wakati huo vijana waliokuwa wakinyanyua vyuma karibu na mapokezi walikuwa wameshaviweka chini, wamesimama, vichwa vimeinama.

Naomba upime mwenyewe. Nimekuja na woga wangu wote, nimeupandisha ngazi, nafika nakuta nafasi ya kuogopa imeshachukuliwa na wenyeji. Tena ninayeogopwa ni mimi, na fulana yangu bado imo kwenye mfuko.

3. Kuhusu vioo

Kuta zenu zote ni vioo na hakuna mahali mlipomwonya mgeni. Nilipotoka chumba cha kubadilishia nguo nilikuwa nimevaa fulana aliyoninunulia mke wangu, ambayo dukani ilikuwa saizi yangu. Nikamwona mzee anakuja mbele yangu, tumbo limemtangulia, raba nyeupe miguuni kama mgonjwa aliyeruhusiwa jana. Nikampisha. Naye akanipisha. Nikapita upande wa pili, naye akapita huko huko. Nikaona huyu ni mtu wa adabu na ni mkubwa kwangu, nikamwamkia, "Shikamoo." Midomo yake ilicheza, lakini marahaba haikutoka. Ilipita muda kabla sijamtambua, na nilipomtambua nilisikitika zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshamwonea huruma.

Hapa ndipo nilipotegemea kicheko. Mtu mzima amejiamkia mwenyewe hadharani. Kama hilo halichekeshi, sijui nyinyi huwa mnacheka nini. Nikageuka kupokea haki yangu. Mmoja alikuwa anajikunja mkono mbele ya kioo na kuutazama kama mtoto wake. Mwingine ananong'ona hesabu. Wa tatu kafumba macho na kukunja uso kama mtu anayefungua kopo lililokataa. Hakuna aliyecheka. Nikarudia shikamoo kwa sauti kidogo, kwa ajili ya waliokuwa hawajasikia. Bado. Ndugu Meneja, kumcheka mgeni ni kosa, lakini kutokumcheka kabisa ni dharau.

4. Kuhusu mwalimu wenu mnayemwita Nondo

Shingo yake ni kama alivyosema shemeji, na hilo lilinipa moyo kwamba mambo sasa yatakwenda yanavyotakiwa. Lakini kijana huyu ana ugonjwa wa kusifu. Alinipa chuma kitupu, kisicho na uzito wowote huku wala huku, nadhani ndicho mnachoanikia taulo. Nikakinyanyua, nikakirudisha. Akasema, "Safi sana, baba. Umeumbwa kwa kazi hii." Nikakaa kwenye benchi kupumzika, akasema kukaa kwangu ni kuzuri, mgongo umenyooka. Nikanywa maji. Akasifu ninavyomeza.

Sasa elewa kwamba katika kazi yangu sijawahi kusifiwa. Wahusika wakuu wa matangazo yangu hawako katika hali ya kutoa maoni. Sifa zimenilevya kama mtu aliyekunywa bila kula. Juzi nimebeba ndoo ya maji kutoka bafuni mpaka jikoni, nikaitua mbele ya mke wangu, nikasimama nangoja. Akatazama sakafu, akasema, "Umemwaga." Ndoa yetu imekaa kwa amani miaka yote hii kwa sababu kila mmoja alijua asitarajie nini. Nondo amevuruga mkataba huo, na mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Namaanisha mke wangu, si Nondo.

5. Kuhusu mashine ya kukimbilia

Nilitembea mpaka jasho likanitoka nyuma ya masikio, nikashuka palepale nilipopandia. Hali hiyo naipata kazini bila kuvaa raba. Sina la kuongeza.

6. Kuhusu madhara niliyopata kazini

Nilikuja kwenu mara ya pili kumalizia kuaibika. Nikaja mara ya tatu kuhakikisha. Kufikia mwezi uliofuata nilikuwa naja kwa hasira tu, jioni baada ya jioni, na katika hasira hiyo, bila ruhusa yangu, pumzi ikarudi.

Asubuhi moja nilisoma tangazo la babu mwenye ukoo mkubwa. Nikaanza na wajane, nikapita kwa watoto, nikashuka kwa wajukuu, nikafagia vitukuu na wakwe wote mpaka mahali pa mazishi, kwa mkupuo mmoja, sauti imesimama kama nguzo ya umeme. Nikamwangalia fundi mitambo kupitia dirisha la studio, na, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu.

Simu zikaanza kuingia. Wafiwa walisema babu yao amesomwa kama matokeo ya mpira. Mama mmoja aliuliza kama yule mzee wa kulia naye ameshatangulia. Mkuu wa vipindi akaniita ofisini, akanifungia mlango, akaniuliza kwa upole nimepatwa na nini mbona naonekana na afya. Akaniomba nirudishe kile kilio cha katikati. Nikajaribu jioni ile ile, kwa makusudi kabisa, katikati ya tangazo la mwalimu mstaafu. Ikatoka kwikwi. Wasikilizaji wanasema nilicheka. Kumbe aliyekuwa akilia bila kukusudia, siku akikusudia anacheka. Kituo kimeandika kuomba radhi kwa familia, na mimi nimekwenda msibani mwenyewe kueleza. Nilipanda mlima wa kwenda nyumba hiyo bila kupumzika, nikafika sihemi, jambo lililozidi kuwaumiza.

7. Kuhusu bibi mkunga, na hili ndilo linaloniandikisha barua

Jirani yangu kwenye mashine za kukimbilia ni bibi mmoja, mkunga mstaafu, mwembamba kama mpini wa jembe. Hutembea kwenye mashine kama mtu anayewahi mahali, na kwa maisha yake yote alikuwa anawahi kweli. Siku ya kwanza aliponisikia namsalimu Nondo, hakushika kifua kama wengine. Alinitazama akasema, "Ahaa, ni wewe. Mimi na wewe tuna watu wale wale. Mimi nawapokea, wewe unawasindikiza."

Nilimpenda. Nikamweleza siri yangu, kwamba nilikuja nikiogopa kutazamwa, na kwamba hakuna aliyenitazama, na sijui nishike lipi. Akasema bila kupunguza mwendo, "Mwanangu, kila mtu humu anatazama kitambi chake. Cha kwako atakitazama saa ngapi?"

Tukatembea. Baada ya muda akazungumza tena, safari hii bila kunitazama. Akasema yeye hakujaliwa mtoto. Siku yake ikifika, tangazo litasema ameacha mpwa mmoja na nyumba, basi, na mimi Bwana Tanzia nitapita hapo hata kabla chai ya mtu haijapoa. Hataki. Anataka watajwe wale aliowazalisha, wote anaowakumbuka, na anawakumbuka. "Uwasome bila kukata pumzi," aliniambia. "Ukikata pumzi utamruka mtu. Na kila mmoja wao nilimsubiri mpaka akalia."

Ndugu Meneja, ningejibu nini? Tangu siku hiyo tunatembea yeye akitaja majina na mimi nikiyarudia. Nondo yumo, alizaliwa ametanguliza miguu, anasema bibi, akawatesa wote. Binti wa mapokezi yumo. Mwuza mabomba yumo na pacha wake. Pumzi ikinikatika katikati, bibi anarudi mwanzo kabisa, hana huruma. Watu wa mashine nyingine wameshazoea. Wapo wanaosogea karibu ili wasikie kama wametajwa.

Na hapa naomba ufuate hesabu yangu taratibu, maana mimi mwenyewe imeninyima raha. Bibi amesema wazi kwamba hana haraka ya kufa mpaka nitakapoyamaliza majina bila kukatika. Maana yake ni kwamba kila nikiongeza pumzi, namsogeza kaburini. Nikikosa mazoezi, anaishi. Nikifanya mazoezi, namchimbia. Nyinyi mmenipa mashine, maji, muziki na sifa, vyote vya kuniongezea pumzi. Kwa hiyo ukumbi wenu, kwa mtiririko wa mambo, una njama dhidi ya maisha ya mwanachama wenu mkongwe kuliko wote, na mmenifanya mimi kuwa silaha.

Jana nilikuwa nimebakiza majina machache tu. Pumzi ilikuwapo, niliisikia imejaa kifuani kama maji kwenye pipa. Bibi alikuwa amenigeukia, macho yanamng'aa. Nikakohoa. Nilikohoa kwa makusudi, Ndugu Meneja, kikohozi kirefu cha uongo, mpaka Nondo akaja kunipigapiga mgongoni na kunisifu ninavyokohoa. Bibi alinitazama sana. Kisha akaanza upya, na jina la kwanza. Sikulala vizuri, na safari hii si kwa sababu ya shemeji.

Kwa kuzingatia yote niliyoyaeleza, naomba yafuatayo:

(a) Nifukuzwe uanachama, rasmi, mbele ya watu.

(b) Muziki uzimwe wakati nafukuzwa, ili angalau jambo moja liende nilivyoahidiwa.

(c) Nondo anitolee neno moja la kunivunja moyo. Lisiwe tusi. Aseme tu kwamba amewahi kuona bora.

(d) Bibi mkunga aambiwe na uongozi kwamba pumzi yangu imeharibika moja kwa moja, haitengenezeki, na kwamba itambidi anivumilie miaka mingi sana.

Sina ugomvi na mtu. Mlinzi msalimie, na umwambie mkono wake wa kupokea mizigo ni mwepesi mno kwa kazi ya ulinzi. Msalimie binti wa mapokezi, mama yake na shangazi yake, ambao nafurahi sijawahi kuwasoma. Nondo pia, ila usimwambie ni salamu, atazisifu. Wasalimie wale vijana wa shingo nene, ambao bado wananipisha kwenye kabati la viatu. Na bibi usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi mwanachama wako, kwa muda utakaoona unafaa kuwa mfupi,

Msomaji wa Matangazo ya Vifo
(Bwana Tanzia)

Nyongeza baada ya sahihi: Nimepanda kuileta barua hii nikakuta mmefunga. Mlangoni mmebandika kwamba fundi anashughulikia umeme na wanachama wavute subira siku chache. Siku chache ndiyo ngapi? Mnadhani watu wanaishi vipi katikati ya siku hizo? Hili naomba lisomwe kama lalamiko la nane, na lishughulikiwe kabla ya yale saba, ambayo kwa kweli yanaweza kungoja.

Bibi mkunga alikuwa amekaa ngazini na raba zake. Tukaona tusipoteze jioni, tukashuka, tukazunguka jengo kwa miguu, yeye akitaja na mimi nikirudia. Hewa ilikuwa nzuri. Tulipita mbele ya duka la mabomba, tukapita nyuma kwenye magari, na katika kuangalia nisikanyage dimbwi nikasahau kukohoa. Nikajikuta nimetaja jina la mwisho. Yote yalikuwa yametoka, bila kukatika. Nikasimama pale pale, sijui niangalie wapi.

Bibi akanishika mkono, kidole kwenye mshipa, kama wanavyofanya watu wa kazi ile, akasikiliza kidogo. Akasema, "Vizuri. Hao ni wa hospitali. Sasa tuanze na wale niliowazalisha nyumba kwa nyumba."

Naambiwa hao ndio wengi. Tafadhali mharakisheni huyo fundi.